Nyani Aliyeshonewa Koti

Asubuhi ile Nkirote aliamka kama siku zote. Akawasha moto, akabandika sufuria ya chai, akachukua ndoo na kwenda nyuma ya nyumba kuteka maji kwenye tangi. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza ng'ambo ya Tana, na upepo wa mtoni ulikuwa bado na ubaridi kidogo. Aliona mfuniko wa tangi umeangushwa chini. Akapanda juu ya jiwe, akachungulia. Nyani walikuwa wamekunya ndani.

Haikuwa mara ya kwanza. Kwa wiki tatu walikuwa wakiingia shambani mchana kweupe, thelathini au arobaini kwa mara moja. Walivunja mahindi mabichi, wakauma kila hindi mara moja na kulitupa, na yale waliyotafuna wakayatema mafumba mafumba yenye mate yanayovutika. Waliingia jikoni wakachota unga kwa mikono, kisha wakaukojolea uliobaki. Juzi yake dume moja lilimkamata kuku aliyekuwa akiatamia, likamnyonyoa akiwa hai, likaanza kumla kuanzia utumbo, huku dume lenyewe likimtazama Nkirote aliyekuwa amesimama na ufagio mkononi. Siku hiyo Nkirote alitapika. Na tangu hapo, kila alipotia tonge mdomoni, alisikia harufu ya nyani.

Yeye na mumewe Murithi walikuwa watu wa Imenti, kule Meru. Serikali ilikuwa imemleta Murithi kuangalia zahanati moja ndogo kando ya mto, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Balambala. Huo ulikuwa mwaka wa 1966, na vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga, vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Wenyeji walikuwa wamekusanywa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa seng'enge. Mtu hakutoka bila kibali, na jua likitua hakutoka kabisa. Chakula kililetwa na malori yanayosindikizwa na askari, na malori nayo yalichelewa kwa sababu ya mabomu yaliyofukiwa barabarani. Murithi alikuwa ameenda Garissa kuchukua dawa, akakwama huko. Kwa hiyo shamba lile la mahindi halikuwa la kujifurahisha. Ndilo lililokuwa chakula chenyewe.

Lakini kabla ya kufika kwenye habari ya mtego wa nyani, lazima ielezwe habari ya koti.

Mle kijijini alikuwamo mfanyabiashara wa mifugo aliyeitwa Abdille, mtu mzima mwenye heshima zake, mrefu, mpole. Alijulikana kijijini kote kwa koti la sufu la kijivu alilonunua Isiolo, ambalo hakulivua hata jua likiwa la utosi. Alijulikana pia kwa kukohoa. Kila alipofika nyumbani kwa mtu, alisimama nje, akasafisha koo mara mbili, akangoja. Ndivyo alivyobisha hodi.

Siku moja Abdille alikutwa kando ya mto, risasi imemwingia chini ya mbavu za kushoto. Risasi ilikuwa ya nani, hakuna aliyesema, maana siku zile kuuliza kulikuwa na hatari yake. Aliletwa zahanatini, akalala pale siku mbili katika joto lile, mpaka kibali cha mazishi kikatoka. Wanaume wenzake walipokwisha kumwosha na kumvika sanda, nguo zake zilizoloa zilirundikwa nyuma ya jengo, na Murithi akaagiza zichomwe. Aliyekwenda na mafuta ya taa ni Nkirote. Alizichoma zote isipokuwa koti.

Lilikuwa koti zuri. Nkirote alimfikiria kaka yake kule Imenti, anayetoka alfajiri kwenda kuchuma chai, na baridi ile, na fulana iliyotoboka. Akalifua mara nne, mpaka maji yakaacha kuwa mekundu. Akaliziba tundu la risasi kwa uzi wa buluu, kwa kuwa ndio uzi aliokuwa nao. Hakumwambia mumewe.

Siku chache baada ya mazishi akaja Raho, mjane wa Abdille. Raho ndiye aliyekuwa akimletea Nkirote maziwa ya mbuzi kila asubuhi, kwa kibali cha kupita langoni, na tangu siku ya kwanza alikuwa akimwita abaayo, yaani dada. Aliuliza kwa adabu, macho chini, kama koti la mumewe lingalipo. Alitaka kuliweka tu nyumbani, alisema, kwa sababu harufu ya mwenyewe ilikuwa imo. Nkirote akamjibu kwamba liliungua pamoja na nguo nyingine. Raho akashukuru. Akashukuru kwa moyo, hata akammiminia maziwa kidogo ya ziada.

Tangu siku hiyo koti likalala chini ya godoro, na Nkirote akalala juu yake. Kulituma Meru hakuweza, kwa sababu mizigo yote ilifunguliwa langoni mbele ya macho ya kijiji kizima. Kulichoma nako, kila aliposhika kiberiti, moyo ulimkataza. Koti zuri namna ile.

Jirani pekee aliyeishi nje ya seng'enge alikuwa Gitau, mtu wa Nyeri, aliyeendesha pampu ya maji ya serikali na asiyeingia kijijini. Asubuhi ile ya tangi, Nkirote alikwenda kwake akiwa karibu kulia. Gitau akamweleza dawa ya wazee wa kwao. Nyani hauawi, alisema, maana ukiua mmoja wanakuja wengine. Hukamatwa mmoja, akavishwa nguo ya binadamu, akaachiliwa. Atawakimbilia wenzake, nao watamkimbia wakidhani ni mtu, na kadiri anavyowafuata ndivyo wanavyozidi kwenda mbali. Kinachotakiwa ni nguo nzito isiyoraruka upesi.

Nkirote hakufikiri mara mbili. Au tuseme alifikiri mara moja, na upesi sana, kwamba hapo mambo mawili yangekwisha kwa mpigo. Akaingia ndani, akatoka na koti.

"La mzee wako?" Gitau akauliza.

"La zamani. Halimtoshi tena."

Walitumia sanduku kubwa la mbao lililokuwa la dawa, wakalitia mlango wa kuanguka, wakaweka ndani ndizi zilizopondwa pamoja na vidonge vya usingizi kutoka kabatini mwa zahanati. Kabla ya saa nne nyani mmoja alikuwa ndani, dume changa, amelala mdomo wazi. Walipomtoa, Nkirote alilazimika kugeuza uso. Alinuka mkojo na maziwa yaliyochacha. Nyuma ya masikio kupe walikuwa wamejipanga, wamenona kama punje za maharagwe, na mmoja alipasuka chini ya kidole chake, damu ya uvuguvugu ikamrukia kwenye kifundo cha mkono.

Gitau alishika miguu, Nkirote akashona. Mikono ya koti ilikuwa mirefu mno, akaikunja kwa ndani na kuishikiza kwa uzi wa buluu. Mbele alishona kuanzia shingoni mpaka chini, mishono ya karibu karibu, ili mnyama asipate pa kuingiza ukucha. Alipokuwa akifunga fundo la mwisho, kiganja cha nyani, laini na chenye unyevu kama cha mtoto mchanga, kilijifumba taratibu juu ya kidole chake cha shahada. Nkirote akavuta. Kiganja hakikuachia.

Ilibidi Gitau ambandue, kidole kimoja kimoja.

Dawa ya wazee wa Nyeri ilifanya kazi. Nyani alipozinduka alikwenda akipepesuka mpaka ukingoni mwa mto, ambako wenzake walikuwa wakipekuana chawa. Walipomwona walipiga kelele ambazo Nkirote hakuwahi kuzisikia kwa nyani, wakaparamiana, majike yakaangusha watoto. Yule mwenye koti akawafuata akilia, akitaka wamngoje. Kundi zima likavuka mto pale penye kina kifupi, na sauti ya kilio chake ikasikika ng'ambo hadi adhuhuri, ikififia, ikififia.

Siku tano hakuonekana nyani hata mmoja. Nkirote alilisugua tangi kwa jivu, akala mahindi ya kuchoma, akalala usingizi wa kushiba. Alimpa Raho kikapu cha mahindi bure. Kwa mara ya kwanza tangu msiba aliweza kumtazama usoni.

Siku ya sita, baada ya kunywa chai, alitoka nje akamwona.

Alikuwa peke yake, nje ya ua wa miiba. Koti limemvaa. Hakuwa amekaa kama nyani. Alikuwa amechuchumaa jinsi wanaume wa huko wanavyochuchumaa wakisubiri mwenye nyumba atoke, magoti juu, mikono imelazwa juu ya magoti. Mahindi yalikuwa hatua tatu kutoka alipo. Hakuyatazama. Alikuwa akiutazama mlango.

Nkirote akaokota jiwe, akamtupia. Lilimpata kifuani. Hakukwepa. Jiwe lilitoa mlio kama limepiga gunia lililoloa.

Kesho yake, kizingitini, kulikuwa na nyama.

Ilikuwa nyama ya ngamia. Mizoga ya ngamia haikuwa adimu mwaka ule, wengine waliuawa na ukame na wengine na vita. Kipande kile kilikuwa kimeshaanza kupiga rangi ya kijani, na funza walikuwa wakiingia na kutoka. Kiliwekwa vizuri, upande wa mafuta ukielekea mlangoni, mahali ambapo mtu atokaye sokoni angeweka kifurushi cha nyumbani kwake. Nkirote alikizoa kwa koleo, uso ameufunga kwa kitambaa, akakifukia. Siku iliyofuata lilikuwa ini, limelainika hadi likamwagika kwenye koleo kama uji. Siku ya tatu kilikuwa kijusi cha mbuzi, bado kimo ndani ya utando wake, na utando umelambwa ukang'aa.

Harufu haikuishia mlangoni. Iliingia kwenye unga. Ikaingia kwenye nywele. Nkirote alioga kwa sabuni ya zahanati, ile kali ya kusafishia vidonda, akajisugua mpaka ngozi ikachubuka, na bado alipolamba midomo yake aliionja. Aliacha kula. Chai tu, bila maziwa, kwa kuwa maziwa yalikuwa yakimkumbusha harufu ya yule nyani.

Kisha akaona mikono ya koti.

Haikuwa imekunjwa tena. Uzi wa buluu ulikuwa palepale alipouweka, mshono kwa mshono, wala haukukatika. Lakini mikono ya koti sasa ilifika kwenye vifundo vya mikono na kuishia hapo, sawasawa, kama ilivyokatwa na fundi. Mabega yalikuwa yamejaa.

Nkirote alimwendea Gitau. Gitau alicheka kwanza, kisha alipouona uso wake akachukua bunduki aliyopewa ya kulindia pampu. Walimkuta mnyama ndani ya ua, kwenye kivuli cha jiko. Gitau alipiga goti, akalenga kwa utulivu, akafyatua kutoka hatua kumi na tano. Risasi ilimwingia. Wote wawili waliona koti likitikisika ubavuni. Hakikutoka tone la damu. Chini ya pindo la koti vilidondoka vitu vyeupe, vingi, vikaanza kujivuta mavumbini.

Mnyama alijisogeza kidogo, kama mtu anayekaa vizuri zaidi. Nzi waliokuwa wamemfunika waliruka, wakatua tena.

Gitau alishusha bunduki. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, lile koti lilikuwa la nani. Nkirote akageuka kuingia ndani. Gitau akatema mate, akafuta mdomo kwa kiganja, akaenda zake bila kuaga. Hakurudi tena kwenye ule ua, na walipokutana mtoni alipita upande ambao upepo hautoki kwa Nkirote.

Siku iliyofuata, saa sita mchana, Nkirote alikuwa amekaa kitandani, milango imefungwa. Joto lilikuwa la kuokea mkate. Akasikia mtu jikoni.

Mtu alisafisha koo. Akanyamaza. Akasafisha tena.

Kisha akangoja.

Nkirote hakutoka. Alikaa pale, magoti kifuani, akisikiliza nzi wakivuma ng'ambo ya ukuta. Aliyekuwa nje hakuwa na haraka. Kila baada ya kitambo alikohoa mara mbili, kwa adabu ileile, na kila mara sauti ilikuwa na majimaji zaidi. Jua likatua. Likachomoza. Alikuwa bado yupo.

Asubuhi Raho alikuja na maziwa.

Nkirote alimsikia akiita hodi kwenye ua, akaruka kitandani ili amzuie, akachelewa. Alipofungua mlango, Raho alikuwa amesimama mbele ya jiko na kibuyu mkononi. Hakupiga kelele. Alitazama ndani ya jiko kwa muda mrefu. Kisha akakiweka kibuyu chini polepole, akavuta mtandio akafunika nusu ya uso, akasalimia. Salamu yenyewe ilikuwa ya Kisomali, fupi, ya kila siku, salamu ambayo mke humpa mume anaporudi kutoka malishoni.

Kutoka jikoni, koo likasafishwa mara mbili.

Raho akageuka. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha Nkirote kuliko hasira.

"Uliniambia moto imekula," akanong'ona.

Nkirote alianza kusema maneno mengi kwa mpigo, habari ya kaka yake, ya baridi ya Imenti, ya mahindi. Raho alimwacha mpaka maneno yakamwishia. Kisha akamweleza, kwa Kiswahili chake kilichokatika katika, kwamba mumewe alikuwa mtu wa kurudi nyumbani. Angekaa mwezi mzima kwa ngamia, lakini angerudi. Sasa amekuta nguo yake iko nyumba hii, akadhani nyumba ni hii. Nkirote akamshika mkono, akamwomba amsaidie, aingie yeye, alivue yeye, maana ni mumewe. Raho akautoa mkono wake.

"Abaayo, wewe ndiyo umefalisha yeye hiyo koti," akasema. "Wewe ndiyo utatoa."

Raho alibaki mlangoni, akisoma dua chini ya pumzi. Nkirote alichukua mkasi wa zahanati. Akaingia.

Jiko lilikuwa dogo. Alikuwa amechuchumaa pembeni mwa mafiga, kichwa ameinamisha, na nzi walimfunika uso kama barakoa inayotambaa. Nkirote alipiga magoti mbele yake kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine. Alianza shingoni. Akakata mshono wa kwanza. Wa pili. Kila uzi ulipokatika, kilitoka kitu chembamba cha manjano, kikatiririka kwenye mkasi hadi vidoleni. Alifumba mdomo. Alipumua kwa pua, halafu akajuta.

Mnyama hakutikisika. Alimsubiri.

Alipofika chini alishika pande mbili za koti, akavuta. Halikuja. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimeshikana na mwili. Akavuta tena, likaanza kubanduka, taratibu, kwa sauti ya karatasi iliyoloa, na kila lilipobanduka liliacha nyuzi nyuzi za ute. Manyoya yalibaki kwenye koti. Ngozi iliyokuwa chini haikuwa na manyoya. Ilikuwa laini, ya kijivu, imekunjana mikunjo mikunjo kama ya maiti iliyooshwa ikakaa na maji.

Alipofika ubavu wa kushoto alisimama.

Pale, chini ya mbavu, palikuwa na tundu la risasi. Halikuwa tundu la Gitau, kwa sababu Gitau alipiga upande wa kulia. Hili lilikuwa kuukuu, midomo yake imenyauka, na lilikuwa limeshonwa. Limeshonwa kwa uzi wa buluu. Nkirote aliitambua mishono yake. Ila yeye alikuwa ameshona kitambaa tu.

Hapo alilia, lakini hakuacha. Akautoa mkono wa kushoto. Akaushika mkono wa kulia wa koti, akauvuta. Kiganja kilipotoka mwishoni mwa mkono ule, kilijifumba juu ya kidole chake cha shahada, kikakibana.

Kisha kikaachia.

Na mwili wote ukalegea. Kilichoanguka pale kando ya mafiga kilikuwa nyani mdogo aliyekufa zamani, ngozi kavu na mifupa, mwepesi kuliko kuku. Ndani yake hamkuwa na kitu isipokuwa funza. Hao ndio waliokuwa wamemjaza. Walimwagika kwa wingi, wakiwa na joto, wakafunika miguu ya Nkirote mpaka kwenye vifundo.

Raho ndiye aliyemtoa nje. Alimmwagia maji ya mtungi mzima miguuni. Halafu akaenda mwenyewe kulichukua koti. Alilikunja kama nguo iliyotoka kwa dobi, akaliviringisha ndani ya mtandio wake safi, akalikumbatia. Nkirote alimtazama usoni. Raho hakukunja hata pua.

Kaburi la Abdille lilikuwa nje ya seng'enge, mahali pa mawe. Kibali cha Raho kilikuwa kinaishia saa nane, kwa hiyo walichimba haraka, wawili hao, kwa jembe la Nkirote. Walilifukia koti upande wa miguuni. Walipokwisha, Raho alijifuta vumbi, akasimama akimtazama mwenzake.

"Koti nimesamehe," akasema. "Ile uongo, ongea na mwenyewe, huyu hapa chini."

Akaondoka, akamwachia nafasi. Nkirote alisimama mbele ya yale mawe. Alijua kinachotakiwa. Ni maneno machache tu ya kuomba msamaha, na hakuna ambaye angeyasikia. Lakini mikono yake ilikuwa ikinuka, na alichokitaka duniani kote wakati ule ni sabuni. Alijiambia atarudi kesho. Akaenda mtoni kunawa.

Hakurudi kesho. Kesho kutwa malori yaliingia, na Murithi akashuka, amekonda, na masanduku yake ya dawa, na nyumba ikajaa shughuli. Mumewe alisifu shamba. Alisema hajaona mahindi yaliyokaa salama namna ile. Na kweli, nyani hawakukanyaga tena. Kwelea, ndege wala nafaka, hawakutua. Mahindi yalivunwa, yakakaa gunia kwa gunia, na hakuna dumuzi hata mmoja aliyeyatoboa.

Kuku waliobaki walihamia kwa Gitau. Hakuna aliyewafukuza. Usiku, kando ya mto ule wenye mbu wa kumwinua mtu kitandani, Murithi aliamka amevimba uso, na mkewe aliyelala ubavuni mwake hakuwa na alama. Mwanzoni Nkirote alifurahi. Halafu akaona kwamba mbuzi wa Raho walikuwa wakigoma kwenye lango la ua, wakipanda migongoni mwa wenzao ili wasiingie. Raho alianza kumwachia maziwa njiani, juu ya jiwe. Hawakuongea tena sana.

Vita vilipokwisha, mwaka uliofuata, Murithi alihamishiwa Meru. Huko Nkirote aliishi miaka mingi, akalea watoto, akazika mume. Watu wa Imenti wanamkumbuka kama mama msafi kupita kiasi, aliyenawa mikono hata akiwa ameketi tu. Wanakumbuka pia kwamba ng'ombe wa nyumba ile walikamuliwa na majirani, maana akiwakaribia yeye walikata kamba. Mbwa walimzunguka kwa mbali. Migomba yake ilichanua na nyuki hawakufika. Yeye mwenyewe alikuwa na jina la jambo hilo, aliliita bahati.

Uzeeni alipokuwa hawezi kuinuka tena, mpwa wake Mirriam ndiye aliyekuwa akimtunza. Ni Mirriam aliyeyaona ya mwisho, na huwa hapendi kuyasema.

Ilikuwa alasiri ya mvua. Mirriam alikuwa jikoni aliposikia panya wakikimbia darini, kisha akaona mende wakimiminika kutoka chini ya mlango. Akajua ni siafu. Wakija siafu, mgonjwa ndiye hutolewa kwanza. Alikimbia chumbani kwa shangazi yake akiwa amevua viatu, akasimama kizingitini, hakuweza kuingia.

Siafu walikuwa wamejaa chumba kizima. Sakafu ilikuwa nyeusi, kuta nyeusi, wanatambaa tabaka juu ya tabaka. Lakini kitandani hapakuwa na hata mmoja. Nkirote alikuwa amelala chali, kichwa kimegeukia ukingoni, macho wazi, mkono mmoja umening'inia ukingoni, na siafu walikuwa wamekizunguka kitanda kwa mbali, kama maji yanavyozunguka jiwe. Mirriam alimshukuru Mungu. Kisha akatazama sakafuni.

Kando ya kitanda, upande ule mkono uliponing'inia, palikuwa na sehemu nyingine waliyoiacha. Ilikuwa peke yake, imeachana na ile ya kitanda. Siafu walifika ukingoni mwake, wakasimama, wakageuka. Ilikuwa na upana wa mtu mzima aliyechuchumaa.

Mirriam anasema shangazi yake hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama pale chini. Na kidole chake cha shahada kilikuwa kimenyooka peke yake, cheupe, bila damu, kama kinavyokuwa kidole kilichobanwa.